Je, kichocho cha Pemba kimeshaizoea dawa?

*"Assalamu alaykum daktari. Mimi ni mzazi, naishi Pemba upande wa Micheweni. Kila mwaka watoto wetu wanapewa vidonge vya kichocho skuli, vile vikubwa vichungu. Mwanangu wa miaka 11 alimeza mwaka jana, na mwaka huu amepimwa amekutwa tena na damu kwenye mkojo. Kaka yake anayesoma chuo kikuu Unguja ananiambia wanasayansi hata hawajui dawa hii inafanya kazi vipi, na kwamba duniani ipo hiyo hiyo moja. Nimeingiwa na hofu. Je, kichocho kimeshaizoea dawa? Mbona hawatengenezi nyengine? Jirani amenielekeza dawa ya miti shamba, na wengine wanasema vidonge vya malaria navyo vinaua minyoo ya kichocho. Nimpe?"*

Wa alaykumu ssalaam, mama. Hofu yako naielewa. Mtoto amemeza dawa kama alivyoambiwa, mwaka haujapita mkojo una damu tena, na juu ya hayo unasikia kwamba hata wenye dawa hawajui wanachokitoa. Mzazi yeyote angeitilia shaka dawa yenyewe. Lakini kwa maelezo uliyonipa, dawa ndiyo ninayoishuku kidogo kuliko vyote, na nitakueleza kwa nini. Kabla ya hapo nikuombe jambo moja: mtoto huyu apelekwe kituo cha afya wiki hii, usisubiri siku ya vidonge skuli. Namna ya kumpeleka nitaieleza mwishoni.

Nianze na maneno ya kaka yake. Kijana hakusema uongo. Alichokisoma kilikuwa kweli kwa muda wa miaka arubaini na zaidi. Dawa yenyewe inaitwa prazikwanteli, na ilipatikana Ujerumani katika miaka ya 1970 kwa kazi ya kampuni mbili, Merck ya Darmstadt na Bayer. Molekuli za ukoo wake zilikuwa zimetengenezwa kwa matumaini ya kupata dawa ya kutuliza akili. Kwa kazi hiyo hazikufaa, lakini zilipojaribiwa kwa minyoo zilionekana kuwaua vizuri na kuwadhuru wagonjwa kidogo sana. Basi zikaingia hospitali. Watafiti walijua kwamba mnyoo akiguswa na dawa hii hujikunja kwa sekunde chache, misuli yake ikakaza asiweze kuilegeza, na ngozi yake ikachanika. Walijua pia kwamba madini ya kalsiamu humiminika ndani ya mwili wake kwa wingi. Kisichojulikana ni mlango gani dawa inaufungua hata kalsiamu ikaingia.

Mahali pale hasa ambapo molekuli ya dawa inashika ndani ya mwili wa mdudu, katika fani yetu ya utafiti wa dawa tunapaita shabaha ya dawa. Mara nyingi ni protini: kimeng'enya kinachoendesha kazi fulani, au kipokezi, au mlango mdogo kwenye ukuta wa seli unaopitisha chumvi na madini. Dawa unaweza kuitumia bila kuijua shabaha yake, na prazikwanteli imetibu mamilioni kwa hali hiyo. Lakini huwezi kuiboresha kwa mpango, kwa sababu hujui umbo unalolilenga. Wala huwezi kugundua mapema kwamba mdudu ameanza kuwa sugu, kwa sababu hujui uangalie jeni ipi kati ya jeni zake zipatazo 10,000.

Mwaka 2019 mlango huo ulipatikana. Kundi la Jonathan Marchant, huko Milwaukee, Marekani, lilichukua jeni ya mnyoo wa kichocho na kuiweka ndani ya seli za binadamu zinazofugwa maabara, seli ambazo kwa kawaida haziijali sana dawa hii. Zikaijali. Zilipotiwa prazikwanteli, kalsiamu ilimiminika ndani. Protini hiyo wameipa jina TRPM-PZQ. Ni ya ukoo mkubwa wa milango ya ioni ambayo hata sisi tunayo mwilini: ndugu yake mmoja yumo kwenye neva zetu na kazi yake ni kuhisi baridi, na ndiye anayeamshwa na mentholi unapojipaka dawa ya mafua kifuani. Kishimo ambamo prazikwanteli inakaa ndani ya protini ya mnyoo kiko sehemu ile ile ambamo mentholi inakaa ndani ya protini yetu. Umbo la vishimo viwili hivyo ni tofauti kiasi cha kutosha, na ndiyo maana mnyoo anapooza na mtoto akabaki na kizunguzungu na kichefuchefu cha muda mfupi.

Miaka miwili baadaye likaja jambo ambalo binafsi naliona zuri mno. Kuna mnyoo mwengine, wa ini la ng'ombe na kondoo, ambaye ni ndugu wa mbali wa kichocho lakini prazikwanteli haimfanyi kitu. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua sababu. Protini imeundwa kwa asidi amino zilizopangwa moja baada ya nyengine kama utungo wa shanga, na mnyoo wa ini anao mlango huo huo wenye maelfu ya shanga hizo, ila ndani ya kishimo cha dawa shanga moja ni ya aina nyengine. Watafiti walipoibadilisha hiyo moja maabara, mlango wa mnyoo wa ini ukaanza kuitikia dawa. Na walipofanya kinyume chake kwenye mlango wa kichocho, dawa ikashindwa.

Hapo ndipo swali lako la usugu linapopata uzito. Ikiwa asidi amino moja inatosha, basi usugu unawezekana, na sitakudanganya kwamba hauwezekani. Mwaka huo huo wa 2021 watafiti wa Texas walichapisha kazi juu ya minyoo waliofugwa maabara na kuchaguliwa kwa makusudi mpaka wakastahimili dawa. Walipochambua jenomu zao, yaani jeni zao zote kwa pamoja, alama zilielekea pale pale, kwenye jeni ya TRPM-PZQ. Kisha wakaangalia minyoo iliyokusanywa nchi mbalimbali, Tanzania ikiwemo. Mabadiliko ya kuiharibu jeni hiyo yalikuwa nadra sana. Niseme wazi kwamba minyoo hao walikuwa wa kichocho cha tumbo, na wetu Unguja na Pemba ni kichocho cha mkojo, jamaa yake wa karibu. Lakini hata kwa kichocho cha mkojo, baada ya miaka mingi ya kugawa vidonge, hakujathibitishwa mahali popote usugu ulioenea.

Basi kama si usugu, kwa nini damu imerudi?

Mnyoo wa kichocho anapoingia kupitia ngozi huchukua wiki kadhaa kukua, na kwa kichocho cha mkojo miezi miwili mpaka mitatu hupita kabla hajaanza kutoa mayai. Prazikwanteli inaua wakubwa. Wachanga wa wiki chache hujikunja wakiguswa na dawa, kisha dawa ikishapita hujinyoosha na kuendelea na maisha. Na dawa hii hupita haraka: nusu yake huondoka kwenye damu kwa muda wa saa moja au mbili. Kwa hiyo mtoto aliyeoga mtoni wiki mbili kabla ya siku ya vidonge anaweza kumeza dawa yake yote sawasawa, minyoo wakubwa wakafa wote, na wale wachanga wakaja kukomaa miezi inayofuata. Vilevile mtoto aliyemeza jana hana kinga yoyote leo. Akirudi kwenye bwawa lenye konokono wanaolea vijidudu vya kichocho, anaanza upya. Watu wengi wanaichukulia dawa hii kama chanjo, na huu ndio upotofu unaotuumiza zaidi. Inasafisha waliomo, basi. Wanaokuja kesho haiwazuii.

Pemba inalijua hili kuliko sehemu nyingi duniani. Kati ya 2012 na 2016 mradi mkubwa wa kutokomeza kichocho ulifanyika kwenye shehia 45 za Pemba na 45 za Unguja. Watu wazima na watoto walipewa dawa mara mbili kwa mwaka, baadhi ya shehia zikaongezewa dawa ya kuua konokono majini, nyengine mafunzo ya kubadili tabia. Kichocho kilishuka sana. Hakikuisha. Kilibaki kwenye vituo vidogo vidogo, karibu na mito na mabwawa fulani ambako konokono aitwaye *Bulinus globosus* anaishi na watoto wanaogelea, kina mama wanafua na watu wanavuka kwenda mashamba ya mpunga. Kama nyumba yako iko karibu na maji ya namna hiyo, ningeyashuku maji hayo kabla ya kuishuku dawa.

Ziko sababu ndogo pia. Kipimo cha skuli hutolewa kwa fimbo ya kupimia urefu, inayokadiria uzito wa mtoto ili apate miligramu 40 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 30 humeza vidonge viwili vya miligramu 600. Mtoto mnene kuliko urefu wake anaweza kupunjwa kidogo. Wako wanaokitema kidonge wakigeuziwa mgongo kwa sababu ya uchungu wake. Wako wanaomeza na tumbo tupu, na chakula kinasaidia dawa hii kuingia kwenye damu, kwa hiyo ale kitu kwanza, uji wa kutosha au mkate. Na hata kila kitu kikienda sawa, dozi moja haimponyi kila mtoto kabisa. Inahesabiwa imefanya kazi vizuri ikipunguza mayai kwa asilimia 90 au zaidi katika kundi zima.

Sasa swali lako la mbona hawatengenezi nyengine. Hili linaniuma, kwa sababu ndiyo kazi ya watu wa fani yangu na bado hatujaimaliza.

Dawa nyengine zilikuwepo. Metrifoneti ilitumika khasa kwa kichocho cha mkojo. Ilizuia kimeng'enya kinachotuliza ishara za neva kwenye misuli ya mnyoo, lakini ilihitaji dozi kadhaa zilizopishana wiki mbili mbili, watu wengi hawakurudi kuzimaliza, na ikaondolewa. Oksamnikwini ilitumika sana Brazil kwa kichocho cha tumbo. Yenyewe ikiingia mwilini haina nguvu. Mnyoo anayo protini inayoiwasha, na akishaiwasha inamuua. Protini hiyo ilitambuliwa mwaka 2013. Mnyoo wetu wa mkojo anayo inayofanana nayo, ila haiiwashi dawa hiyo kwa kiwango cha kumuua. Kwa hiyo dawa iliyookoa watu Brazil isingemsaidia mwanao hata kidogo. Hivi sasa wako watafiti wanaotumia umbo la protini hiyo kuirekebisha oksamnikwini ipate kuwashwa na aina zote za kichocho, na kazi hiyo naifuatilia kwa hamu.

Kuna shabaha nyengine ambayo kwa maoni yangu imekaa vizuri kupita nyingi. Sisi tunavyo vimeng'enya viwili tofauti vya kuondoa sumu za oksijeni mwilini. Mnyoo wa kichocho anacho kimoja tu kinachofanya kazi za vyote viwili. Anaishi ndani ya damu yetu, amezungukwa na sumu hizo, na ukikizima hicho kimoja hana cha kumwokoa. Tangu mwaka 2007 imejulikana kwamba auranofini, dawa ya zamani ya baridi yabisi yenye dhahabu ndani yake, inakizima maabara. Kutoka hapo mpaka kidonge salama cha kumpa mtoto bado ni mbali, na wengi wamekwama njiani: molekuli inaua mnyoo kwenye bakuli la maabara, kisha ini la mnyama linaivunja kabla haijamfikia mnyoo, au inagusa na vimeng'enya vyetu.

Mwaka 2020 kundi la James Collins huko Dallas lilifanya jambo ambalo zamani lisingewezekana. Walizizima jeni zaidi ya 2,000 za mnyoo, moja baada ya moja, na kuangalia ipi ikizimwa mnyoo hulegea na kushindwa kujishikilia. Zaidi ya 200 zilionekana ni za lazima kwa mnyoo. Mbili kati yake, TAO na STK25, ni kinasi, yaani aina ya vimeng'enya, zinazolinda misuli yake, zikizimwa anapooza. Hiyo ni orodha ya mahali pa kuanzia, mama, wala hakuna hata moja iliyoshakuwa dawa ya dukani.

Kwa nini polepole hivi? Mnyoo huyu ni mgumu kufuga: lazima uwe na konokono wake, maji yake, na panya wa kumlea, na huyu wetu wa mkojo ni mgumu kuliko mwenzake wa tumbo, kwa hiyo utafiti mwingi unafanywa kwa yule wa tumbo. Na fedha. Wanaougua kichocho ni watu wasio na uwezo wa kununua dawa ghali, na prazikwanteli inatolewa msaada kwa wingi, kampuni ya Merck imeahidi mpaka vidonge milioni 250 kwa mwaka kupitia Shirika la Afya Duniani. Msaada huo umeokoa vibofu vya watoto wengi na naushukuru kwa dhati. Lakini kidonge cha bure kinachofanya kazi kinawapunguzia wawekezaji hamu ya kutafuta cha pili, na mimi naona ni hatari kwa dunia nzima kutegemea molekuli moja kwa ugonjwa mkubwa kiasi hiki.

Hatua moja ya hivi karibuni inakuhusu kama una watoto wadogo zaidi. Prazikwanteli ya kawaida ni mchanganyiko wa molekuli mbili zilizo kama mkono wa kulia na wa kushoto. Mmoja ndio unaoufungua vizuri ule mlango wa TRPM-PZQ; mwengine hauleti faida ya maana, unaongeza ukubwa wa kidonge na uchungu. Imeshatengenezwa dawa yenye mkono mmoja tu, inayoyeyuka majini, kwa watoto wa kuanzia miezi mitatu mpaka miaka sita. Wakala wa dawa wa Ulaya ulitoa maoni ya kuikubali Disemba 2023. Ulizia kituoni kwako kama imeshafika. Usiwavunjie wadogo vidonge vya skuli nyumbani kwa kukisia.

Kuhusu miti shamba, sina dharau nayo hata kidogo. Artemisinini, msingi wa vidonge vya malaria tunavyotumia, ilitolewa na Tu Youyou wa China kwenye mmea wa tiba ya jadi, na akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tena uliyosikia kuhusu malaria yana ukweli ndani yake: dawa za ukoo wa artemisinini huua minyoo wachanga wa kichocho, wale wale ambao prazikwanteli inawakosa. Hata hivyo usimpe. Wakubwa zinawagusa kidogo tu, na wakubwa ndio wanaotoa mayai yanayoumiza kibofu. Pia kila mtu akimeza dawa za malaria bila malaria tunawafundisha vimelea vya malaria kuwa sugu, na hilo visiwa vyetu haviwezi kulimudu. Dawa ya jirani siijui ni mti gani wala kiasi gani, na mtoto wa miaka 11 mwenye damu kwenye mkojo ana figo za kulindwa. Kama ameshaitumia, mwambie daktari bila kuona haya.

Sasa mpeleke. Damu kwenye mkojo kwa mtoto wa Pemba kaskazini mara nyingi ni kichocho, lakini inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, mawe, au ugonjwa wa figo wenyewe, na matibabu yake ni mbali mbali. Omba mkojo uchujwe na kuangaliwa mayai kwa hadubini, usitosheke na kile kijikaratasi cha kubadilika rangi. Mkojo utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu mayai hutoka kwa wingi wakati huo. Akimbie kidogo kabla, na achukue yale matone ya mwisho. Apimwe uzito kwa mizani ndipo apewe vidonge. Mwambie mhudumu dawa zote anazotumia, khasa rifampisini ya kifua kikuu na dawa za kifafa, kwa kuwa zinaiharibu prazikwanteli kabla haijafanya kazi. Arudi kupimwa baada ya wiki sita hivi, na awe amekaa mbali na maji yale muda wote huo, la sivyo hamtajua kama dawa ilishindwa au alipata upya. Mayai yakionekana bado, waulize kama yako hai, maana yaliyokufa huendelea kutoka kwa wiki kadhaa. Ikiwa ni hai na una hakika hakugusa maji, hapo ndipo nataka suala lake lifike kwa wataalamu wa kichocho. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iko Wawi, Chake Chake, na kituo kinaweza kukuelekeza namna ya kuwafikia.

Usisubiri miadi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, akishindwa kukojoa, akitoa mabonge ya damu, akipata homa na maumivu ya kiuno, au akivimba uso na miguu. Na wewe mwenyewe, mama, au binti yeyote wa nyumba hiyo, kama mnafua kwenye maji hayo na kuna damu au maumivu sehemu za uzazi yasiyopona kwa dawa za maambukizi, mtajie daktari neno kichocho, kwa sababu mayai yake hufika huko na mara nyingi hayatafutwi. Mjamzito aliyevuka miezi mitatu ya mwanzo anaruhusiwa kupata prazikwanteli, na anayenyonyesha pia.